Muhuru Bay kwa boti: Usilipie spidi, lipia nahodha

FUNGUA TikTok Jumapili usiku na hutakosa ile video. Spidiboti inapasua maji ya Dubai Marina, majumba ya vioo yamesimama pande zote mbili, na msee fulani wa Nairobi aliyeenda huko kutafuta riziki anapunga mkono akiwa amevaa jaketi la rangi ya chungwa. Ziara yenyewe ni ya saa moja hivi. Kwenye komenti kila mtu anauliza swali lile lile: ni pesa ngapi?

Si lazima upande ndege ndipo uutazame mji ukiwa majini. Mombasa kuna boti zinazokuzungusha kando ya Mji wa Kale na Fort Jesus. Kisumu kuna Dunga na Hippo Point, ambako wageni hupelekwa kutazama viboko na machweo. Ukifika Mbita, kaunti ya Homa Bay, utapata boti za kuelekea kisiwa cha Mfangano na ule ufuo mweupe wa Takawiri.

Lakini kama mbogi yenu inapanga wikendi ndefu na mko tayari kuamka kabla ya jogoo, kuna ufuo mwingine ambao wengi huusikia kwenye habari tu, tena habari za ugomvi wa mpaka. Ufuo huo ni Muhuru Bay, kaunti ya Migori.

Huko hakuna majumba ya vioo. Kuna ufuo unaofanya kazi usiku na mchana, kuna mpaka wa Tanzania ulio karibu kiasi kwamba simu yako inaweza kudaka mtandao wa huko bila kukuuliza, na mbali zaidi majini kuna Migingo, kisiwa cha mabati ambacho dunia nzima imekitazama kwenye YouTube.

Kuna pia jambo moja ambalo video za Dubai haziwezi kukufundisha. Kwenye ziwa hili, kitu unacholipia si injini. Unamlipia mtu aliyeishika.

Muhuru iko wapi hasa?

Tazama ramani ya Kenya, kona ya chini kushoto, pale nchi inapoishia ziwani. Hiyo ndiyo Nyatike, na Muhuru ni ile rasi inayochomoza majini karibu kabisa na Tanzania. Wenyeji ni Wajaluo na Wasuba, na lugha utakayosikia ufuoni zaidi ni Kijaluo. Kiswahili kinaeleweka vizuri, kwa sababu biashara ya samaki inaleta watu kutoka pande zote za ziwa.

Kutoka Nairobi, mabasi hupitia Narok na Kisii hadi mjini Migori. Ukishafika Migori unaacha barabara kuu ya Isebania na kuelekea magharibi, upande wa Macalder, eneo lenye historia ndefu ya migodi ya dhahabu na shaba. Safari ni ndefu. Mtu akikuambia kwamba mtatoka Nairobi alfajiri na kuwa ndani ya boti mchana siku hiyo hiyo, mwambie apunguze stori. Lala Migori au Muhuru kwenyewe, boti iwe ya asubuhi inayofuata.

Ukifika ufuoni, salimia kwanza kabla ya kuuliza bei. "Oyawore" ya asubuhi itakufungulia mlango ambao "niaje" haiwezi kuufungua, hasa kwa wazee. Mzee mwite "jaduong'" na kijana wa rika lako mwite "omera". Mama anayeanika samaki mwite "mama", na umwombe ruhusa kabla ya kuelekeza kamera kwake. Yuko kazini pale, kama vile wewe ulivyo ofisini Jumatatu.

Sahau viti vya ngozi

Tuelewane mapema ndipo usije ukavunjika moyo. Ukisema "spidiboti" Muhuru, usitarajie chombo cheupe chenye viti laini na spika za muziki. Boti utakayoiona ni ya mbao, ndefu na nyembamba, yenye ncha kali mbele, na imepakwa rangi za kuvutia. Mara nyingi ina jina ubavuni, liwe la mama wa mwenye boti, la mchezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza au msemo wa dini.

Kinachoitofautisha na mtumbwi wa kasia ni injini iliyofungwa nyuma. Ufuoni watu huziita kwa namba: kuna "kumi na tano" na kuna "arobaini". Hizo ni nguvu za farasi. Ya kumi na tano inatosha kazi nyingi za uvuvi wa karibu. Ya arobaini, ikifungwa kwenye boti nyepesi, itakupa ule upepo wa usoni uliouona kwenye video, na inakunywa petroli vilivyo.

Ndiyo maana bei haijaandikwa ukutani. Unalipia mafuta, unalipia injini, unalipia nahodha na msaidizi wake, na unalipia muda ambao boti hiyo haitakuwa kazini. Mkiwa watu sita mtagawana na mzigo utakuwa mwepesi. Ukiwa peke yako utahisi uzito wake. Elewaneni kabla injini haijawashwa: tunaenda wapi, tunarudi saa ngapi, mafuta ni ya nani. Maneno yakiachwa nusu ufuoni, hayamaliziki vizuri mkirudi.

Mahali pa kuanzia ni ofisi ya BMU, kile chama cha kusimamia ufuo. Tangu kanuni za mwaka 2007, fuo za uvuvi Kenya zina vyama hivi, na ndivyo vinavyoweka orodha ya boti na wavuvi. Viongozi wake wanajua nani ana boti nzuri, nani injini yake huzimikia katikati ya safari, na nani jana usiku alikuwa kwenye pombe. Habari hiyo huwezi kuipata kwenye programu yoyote ya simu.

Saa moja majini

Sasa mmepanda. Nahodha anaisukuma boti kwa mti mrefu hadi maji yawe ya kina, anashusha injini, anavuta kamba mara moja, mara mbili, inashika. Dakika tano baadaye mnageuza shingo kutazama mlikotoka.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini watu wa mijini hulipa kutazama miji yao kutoka majini. Ukiwa barabarani, Muhuru ni safu ya maduka, bodaboda na vumbi. Ukiwa ziwani, unaona mji wote umegeuza uso upande huu. Boti zimepangwa mchangani mdomo kwa mdomo. Nyavu zimetandazwa chini na juu yake omena wanang'aa kama vipande vya bati. Akina mama wanatembea katikati wakiwageuza jua liwafikie vizuri. Mahali pa mizani kumejaa watu, kwa sababu mbuta wa usiku wamefika na bei inapangwa sasa hivi.

Mkiambaa ufuo mtapita miamba iliyochafuliwa na ndege. Utaona mnandi amekausha mabawa, mdiria mweusi na mweupe anayesimama hewani kabla ya kujitupa majini, na ukibahatika, furukombe na ule mlio wake unaosikika mbali. Kusini ni vilima vya Tanzania. Hakuna ukuta wala ua majini, na mgeni hawezi kujua mpaka uko wapi. Nahodha anajua, na hatauvuka kwa ajili ya picha yako.

Kama mtachagua jioni, jua la Muhuru linazama ziwani kwenyewe. Muda mfupi baada ya saa kumi na mbili na nusu, anga linawaka rangi ya chungwa, na huko mbali taa zinaanza kuonekana moja moja. Hao ni wavuvi wa omena. Omena hufuata mwanga, kwa hiyo wavuvi huelekeza taa majini na kuzungusha wavu. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Usiku wa giza, zikiwa nyingi, utaapa kwamba kuna mji mkubwa ng'ambo ile.

Ila panga tarehe vizuri. Mbalamwezi ikiwa kali, mwanga wa taa haufui dafu na wengi hawaendi. Pia Kenya kwa kawaida hufunga uvuvi wa omena kati ya Aprili na Julai ili samaki wazaane. Ukienda miezi hiyo, "mji" ule wa taa huenda usiuone.

Kipande chetu ni asilimia sita

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita mraba takriban 68,800. Ni la pili duniani kwa upana miongoni mwa maziwa ya maji baridi, baada ya Superior la Amerika Kaskazini. Tanzania ina karibu nusu yake, Uganda ina karibu asilimia 45, na Kenya ina asilimia sita tu.

Ukiwa ndani ya boti Muhuru, hesabu hiyo inaacha kuwa ya darasani. Kushoto ni Tanzania, mbele kabisa ni Uganda, na kipande chetu ni hiki unachoelea juu yake. Lakini wanaotaka kuvua ndani yake ni wengi.

Samaki aliyeleta mbio hizi ni mbuta. Hakuwa wa ziwa hili. Aliingizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka ghafla. Akawala fulu, wale samaki wadogo ambao ziwa hili lilikuwa na mamia ya aina zao, na aina nyingi zikatoweka. Wakati huo huo akaleta viwanda vya minofu, malori ya barafu na pesa ambazo fuo hizi hazikuwahi kuziona.

Kisha mbuta wa karibu wakapungua, wavuvi wakaanza kuwafuata kwenye kina, na kila aliyesonga mbele akajikuta anakaribia mstari wa nchi nyingine. Ndivyo tunavyofika Migingo.

Migingo si safari ya saa moja

Wengi wanaouliza boti Muhuru wanataka jambo moja: kufika Migingo, kupiga picha, kurudi. Ni haki yao kutamani. Kisiwa chenyewe ni jiwe la takriban mita mraba 2,000, yaani kama nusu ekari. Uwanja mmoja wa mpira ni zaidi ya mara tatu ya ukubwa huo. Juu ya jiwe hilo mabati yamebanana bila nafasi hata ya kuegesha bodaboda, na ndani yake wanaishi mamia ya watu: wavuvi, wachuuzi, wauza vyakula, vinyozi, wenye baa. Ukikitazama kutoka majini ni kama mtaa wa Mathare umenyanyuliwa na kuwekwa juu ya mwamba.

Karibu yake, umbali wa mita mia mbili hivi, kuna Usingo, kisiwa kikubwa zaidi ambacho hakina msongamano kama huo. Wageni wote hushangaa. Sababu ya kung'ang'ania lile jiwe dogo ni biashara: pale ndipo wanunuzi walipo, na mbuta wa kina wako karibu.

Ugomvi ulianza kupamba moto mwaka 2004, polisi wa Uganda walipopiga kambi na kupandisha bendera. Mwaka 2009 mambo yakafika Nairobi, hadi vijana wa Kibera wakang'oa reli inayoelekea Uganda kwa hasira. Mwezi Mei mwaka huo Rais Yoweri Museveni alisema kisiwa ni cha Kenya, ila maji yanayokizunguka ni ya Uganda. Mpaka unaotajwa na nchi zote mbili ni ule ulioandikwa mwaka 1926 enzi za Mwingereza, na kwa mujibu wake Migingo iko upande wa Kenya, karibu nusu kilomita kutoka kwenye mstari. Wavuvi ndio wanaoishi na swali hilo kila siku, maana samaki wako upande ule wa pili wa mstari.

Kwa hiyo ukitaka kwenda, elewa unachoomba. Ni mwendo wa saa mbili hivi kwenda, kutegemea injini na mawimbi, na saa nyingine kama hizo kurudi. Ni maji ya wazi yasiyo na mahali pa kujificha upepo ukibadilika. Ni kisiwa chenye maafisa wa usalama ambao hawapendi kushtukizwa na kamera, sembuse droni. Ongea kwanza na BMU na polisi wa Muhuru, beba kitambulisho, na ufanye watakavyokuelekeza. Nahodha akikuambia leo hakuendeki, usianze kumwonyesha video ya mtu aliyeenda wiki jana.

Ziara fupi ni ile ya kuzunguka ghuba. Migingo ni safari, na safari ina mpango wake.

Nahodha anajua nini?

Mgeni huangalia maji. Nahodha huangalia anga.

Ziwa hili ni kubwa kiasi cha kujitengenezea hali yake ya hewa. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, na upepo unavuma kutoka ziwani kuja ufuoni. Ndiyo maana Muhuru ya saa tatu asubuhi inaweza kuwa kioo, na Muhuru ya saa tisa alasiri ikawa na mawimbi yanayokumwagia maji usoni. Usiku mambo hugeuka, upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na ngurumo nyingi huzaliwa katikati ya ziwa usiku na alfajiri. Mvuvi aliyekulia hapa hahitaji kusoma hayo kitabuni. Huona wingu jeusi limejikunja upande fulani, huhisi baridi ya ghafla shingoni, na hugeuza boti kabla hujajua kuna tatizo.

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa Ziwa Victoria. Utafute kabla ya safari, kisha umwulize nahodha anauonaje. Wakikubaliana, twende. Wakitofautiana, baki ufuoni.

Nani hawezi kukumbuka kilichotokea ziwa hili hili upande wa Tanzania? Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakaangamia. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa kutia nanga Ukara. Zaidi ya watu 220 walikufa, ufuo wakiuona kwa macho. Katika misiba yote miwili chombo kilikuwa kimejaza watu kupita kiasi. Boti yako ya watu sita si meli, lakini kanuni ni ile ile: uzito ukizidi, maji hayajadili.

Sasa jaketi. Mtaani kuna ile tabia ya kuona jaketi la kuokoa maisha kama kitu cha watoto na Wazungu. Linaharibu luku, ati. Basi sikia. Jaketi lililokaliwa kama mto wa kiti si jaketi. Jaketi lisilofungwa litapanda usoni ukianguka na kukuacha chini. Jaketi la saizi ya mjomba halimfai binamu yako wa miaka kumi. Livae ukiwa bado umesimama mchangani, funga kila mkanda, kisha mwambie mwenzako alivute kwa juu mabegani. Likipita masikioni, omba jingine.

Na si kwamba asiyejua kuogelea ndiye peke yake anayelihitaji. Anayejua kuogelea kwenye kidimbwi cha hoteli hajawahi kuogelea akiwa na viatu, simu mfukoni na mawimbi yanayomjia kwa pande mbili.

Jambo jingine dogo: mara nyingi Muhuru hupandi boti kupitia gati, unapita majini hadi magotini. Kichocho kipo Ziwa Victoria, na vimelea vyake hukaa kwenye konokono wa maji ya pembeni yenye majani. Usikae humo ukipiga selfi. Panda haraka, jikaushe, na wiki kadhaa baadaye ukijihisi vibaya, mwambie daktari ulikuwa ziwani. Dawa ipo na inafanya kazi.

Maswali sita kabla ya kupanda

Yaulize kwa heshima, ukiwa ufuoni, si mkiwa mmeshafika katikati.

Kwanza, jaketi ni ngapi na watu ni wangapi? Namba zikitofautiana, mazungumzo yameisha.

Pili, boti hii hubeba watu wangapi inapoenda kazini? Jibu hilo ni la kweli kuliko lile atakalokupa akijua unataka kuleta wenzako wawili zaidi.

Tatu, mafuta yanatosha kwenda, kurudi na kubaki? Dumu la akiba lionekane kwa macho.

Nne, injini ikizima tutafanyaje? Kasia mbili ndani ya boti ni jibu zuri. "Haijawahi kuzima" si jibu.

Tano, nani ufuoni anajua tunaenda wapi na tunarudi saa ngapi? Acha jina na namba ya simu kwa BMU. Simu zenu ziwekwe ndani ya mfuko usioingiza maji.

Sita, ile kamba ya kuzimia injini iko wapi? Ni kamba fupi ambayo nahodha huifunga mkononi, ili akiangushwa na wimbi injini ijizime badala ya boti kuendelea kuzunguka bila mtu. Nahodha anayeivaa bila kuambiwa, huyo shikamana naye.

Hutamkera mtu mzuri kwa maswali haya. Nahodha anayejua kazi yake atayajibu huku akicheka, na huenda akakuongezea la saba.

Kazi iliyo tayari ufuoni

Juni 1, 2025, sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika Homa Bay, na mada ya mwaka huo ilikuwa uchumi wa baharini na maziwa. Hotuba zilisomwa, nasi tukapiga makofi. Kwa kijana wa Muhuru, uchumi huo si mada ya hotuba. Anao mikononi. Anajua kusoma upepo, anajua kufungua kabureta ya injini gizani, anajua miamba iliyojificha chini ya maji ambayo haimo kwenye ramani yoyote.

Anachokosa ni vitu vinavyoonekana vidogo: jaketi kumi zilizo sawa, bei iliyoandikwa ubaoni, bima, cheti cha kubeba abiria, na gati ambalo mama mzima anaweza kupanda bila kubebwa mgongoni. Mamlaka ya Usafiri wa Majini ipo, na Kikosi cha Walinzi wa Pwani, kilichoundwa mwaka 2018, kina kazi ziwani pia. Kaunti ina idara ya utalii. Wote hao wakikutana kwenye ufuo mmoja kwa siku moja, kijana mwenye boti anaweza kuvua usiku wa leo na kuzungusha wageni asubuhi ya kesho kutwa, samaki akipata nafasi ya kupumua.

Wewe mgeni una sehemu yako pia. Ukimlipa aliye bei rahisi kwa sababu hakukusumbua na habari za jaketi, umemwadhibu yule aliyenunua jaketi. Ukimpa tano aliyekwenda mbio kuliko wote, kesho yake kutakuwa na mwingine anayekimbia zaidi. Lakini ukimtafuta yule anayeuliza majina yenu, anayepanga mtu mzito akae wapi na mwepesi akae wapi, na anayekataa kuongeza abiria wa saba hata mkiongeza pesa, unaujulisha ufuo mzima kwamba hiyo ndiyo biashara.

Mkirudi salama, usikimbilie matatu. Ngege wa kukaangwa na ugali ni wa saa ile ile, na aliyekupeleka ziwani atakuonyesha ni mama gani anawapika vizuri. Mwambie "erokamano". Maana yake ni asante.

Na kama asubuhi hiyo ametazama upande wa Uganda, akanyamaza kidogo, kisha akasema leo hatutoki, usinune wala usihamie boti ya jirani. Mnunulie chai, chukua namba yake, na uiweke kwa simu. Umeshampata nahodha wako.